Inasubiri Mkuu wa Shule

Simu ililia nikiwa nabishana na mzazi mmoja kuhusu gunia la mahindi mabichi. Ulikuwa msimu wa wazazi kuleta mahindi ya chakula cha mchana cha wanafunzi, na mahindi hayo huwa nayapokea mwenyewe, natafuna punje moja moja, kwa sababu stoo yetu ilishawahi kuoza na sikutaka ioze tena. Mzazi anasema yamekauka, mimi nasema hayajakauka. Aliyepiga alikuwa afisa elimu wa halmashauri.

"Mkuu, yaani umemwachia mwalimu wa fizikia?"

"Nimemwachia aende wapi?"

"Mtwara. Uhamisho wake umetoka leo. Na aliyeidhinisha ni wewe, Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi."

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa msibani Mwazye, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, simu nimeizima. Nikamwambia hivyo. Sauti yake ikawa ya kiofisi.

"Mfumo unasema ni wewe, Mkuu. Kama si wewe, basi kuna mtu ameingia kwa jina lako, na huyo kazi hana tena. Niletee barua kabla ya Ijumaa mchana. Useme ni wewe, au useme ni nani."

Gunia bichi la yule mzazi nililipokea bila neno, akaenda zake akishangaa. Sikuhitaji kufikiri ni nani. Katika dunia hii nzima mtu aliyekuwa na neno langu la siri alikuwa mmoja tu, naye ni huyo huyo mwalimu wa fizikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama pale kwenye turubai la mahindi na upepo wa mwezi wa saba unanipiga, nikahisi nimevuliwa nguo hadharani.

Niseme ukweli wangu kuhusu kompyuta, maana bila huo ukweli kisa hiki hakieleweki. Mimi ni mtu wa chaki na daftari. Shule niliyokabidhiwa, huku Ufipa, kwenye barabara ya kwenda Laela, niliiongoza miaka mingi kwa funguo mbili: moja ya ofisi na moja ya droo. Kilichokuwa kwenye droo nilikijua. Kisha vikaja vishikwambi, na baada ya vishikwambi ukaja mfumo, na baada ya mfumo kila kitu kikahamia humo: mahudhurio, matokeo, likizo, tathmini ya walimu, uhamisho. Kila mkuu wa shule akapewa mlango wake na neno lake la siri, nywila kama wanavyoiita wenye semina.

Semina yenyewe ilifanyika Sumbawanga mjini, siku tatu, ikiitwa uongozi wa teknolojia kwa wakuu wa shule. Barua ya mwaliko ilisema wakuu tu. Lakini asubuhi ya kwanza, ukumbi ulipojaa, ilionekana kila mkuu kaja na mwalimu wake kijana, na hakuna aliyekuwa amepatana na mwenzake. Tulikuja nao tu, kama unavyokwenda sokoni na mtu wa kukusaidia mzigo. Sisi tukakaa mbele na makoti yetu mazito, wao wakakaa nyuma yetu. Mwezeshaji, kaka mmoja mchangamfu kutoka Dodoma, akisema "Wakuu, naomba mfungue mfumo," sisi tuliinamisha bega moja ili aliye nyuma apitishe mkono na kubofya. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu aliacha kututazama kabisa, akawa anafundisha mstari wa nyuma. Mchana chakula kilikuwa cha wakuu peke yao, hao vijana wakaenda kula kwa mama lishe nje ya geti. Vyeti tukapewa sisi. Changu nilikitia kwenye fremu ya kioo.

Mwezeshaji alisema jambo moja ambalo nililisikia vizuri: nywila ni saini yako. Tukaitikia "ndiyo" kwa pamoja, halafu wakati wa chai tukawaandikia vijana wetu nywila zetu kwenye viganja. Mimi nilimwandikia mwalimu wangu wa fizikia kwa kalamu nyekundu, na nikamtania nikisema asinawe mpaka tufike nyumbani.

Alikuwa mtoto wa Lindi. Alifika shuleni kwetu moja kwa moja kutoka chuoni, mwezi wa sita, na kanga mbili na viatu vya wazi, hajui kwamba Tanzania hii hii ina mahali ambapo maji ya kunawa yanauma vidole. Blanketi la kwanza alilojifunika Ufipa lilikuwa langu. Nilimfundisha kuwasha jiko la mkaa nje kisha kuliingiza ndani likishashika, nilimfundisha kula ugali wa ulezi bila kukunja uso, nilimfundisha kuinama na kupiga makofi polepole anapomsalimia mkubwa, kama tunavyosalimiana. Akajifunza. Akajua na Kifipa cha kutosha kuwagombeza wanafunzi. Ofisini aliniita Mkuu. Nyumbani kwangu, Jumapili baada ya misa, aliniita Mama, ingawa yeye ni Mwislamu na alikuja kula tu.

Na alikuwa mwalimu. Sisemi hivyo kwa kila mwenye cheti. Fizikia na hisabati, kidato cha kwanza mpaka cha nne, peke yake. Kabla hajaja, wanafunzi wangu waliingia chumba cha mtihani wa fizikia kama watu wanaopelekwa polisi. Alipokuja, walianza kubishana kuhusu majibu wakitoka. Wakuu wenzangu waliniuliza nimempata wapi, na mmoja wa Namanyere aliniambia waziwazi kwamba angeniibia kama angejua njia.

Aliolewa akiwa kwetu. Mume wake ni muuguzi, kazi yake Mtwara. Ukitaka kujua maana ya mbali, chukua ramani, weka kidole Sumbawanga na kingine Mtwara. Walikutana likizo, wakaachana likizo ikiisha. Nilikuwa nikimtania kwamba ana ndoa ya likizo, na walimu wenzake walicheka, naye alicheka pia. Leo najiuliza ule utani niliutoa wapi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa aliomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Ni haki yake, imeandikwa. Aliomba kwenye mfumo, kwa ukurasa wake, halafu kwa heshima akaniletea na nakala ya karatasi. Utaratibu ni kwamba ombi linatoka kwa mwalimu na kumfikia mkuu wake wa shule, na mkuu asipoidhinisha haliendi popote. Niliipokea karatasi, nikamwambia nitaishughulikia, alipotoka nikaitia kwenye droo chini ya daftari la wageni.

Ningefanya nini? Watoto mia na kitu wa kidato cha nne wanamtegemea, na mwenye kuondoka haji mwingine mahali pake. Huku kwetu anayepangiwa huripoti, hutazama baridi, akaanza kuumwa. Nilijiambia nitamwachia mwaka ujao. Alipouliza nilimjibu, "Nimeshaipitisha, mdogo wangu. Nilibofya mwenyewe nilipokwenda mjini. Wanaikalia huko juu." Akainama, akapiga makofi polepole, akasema, "Asante, Mkuu." Mwaka wa pili akaomba tena, nikasema tena. Mwaka wa tatu akaomba, na safari hiyo niliongeza chumvi: nikasema nimempigia afisa mwenyewe, nimegombana naye kwa ajili yake. Akasema asante. Nilijiona mlezi. Nilijiona mtu anayezuia bati lisiezuliwe na upepo, na bati halihitaji kuulizwa.

Sasa Jumatatu ile, baada ya ile simu, nilimwita ofisini. Aliingia na vumbi la chaki mikononi.

"Umeniibia," nikamwambia kabla hajakaa.

Hakuuliza nini. "Sijaiba, Mkuu. Nywila ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa kwa kazi za shule! Nilikuwa msibani, nawazika watu, wewe unakaa hapa unatia saini yangu! Nimekupa blanketi langu mwenyewe. Umekula kwangu. Unajua wataninyang'anya ukuu? Unajua watasema sijui ninachokifanya?"

Nilipiga meza mpaka kengele ya mkono ikaanguka. Makamu wangu alichungulia mlangoni na kurudisha kichwa. Mwalimu mwenyewe alisimama tu, ananitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayekaribia kupata jibu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilitaka alie. Nilitaka apige magoti aniambie shetani alimpitia, na mimi nimsamehe au nisimsamehe, lakini liwe langu.

"Afisa anataka barua Ijumaa," nikasema. "Nikitaja jina lako, kazi huna."

"Andika, Mkuu. Mimi sitakataa." Akageuka, kisha akasimama. "Ila ukiandika, fungua mwenyewe kwanza uone tarehe. Usiandike za kuambiwa."

Akarudi darasani. Kutoka ofisini kwangu nilisikia sauti yake kupitia dirisha, anafundisha fizikia ya wenzo, hajatetereka hata kidogo. Siku ile sikula chakula cha mchana. Nilimchukia kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia mtu, namna unayoweza kumchukia mtu wa nyumbani tu.

Jumanne niliandika barua na kuichana. Jumatano niliona alivyosema ni kweli: barua ya mashtaka inataka tarehe na saa, na siwezi kumwomba afisa anisomee kilichomo kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Wala singemwomba mwalimu mwingine anifungulie; ningeanza upya kosa lile lile. Kwa hiyo nilichukua kishikwambi, nikavaa koti, nikaenda nyuma ya stoo ya mahindi, kwa sababu pale ndipo mtandao unaposhika, nikakaa juu ya tofali. Wanafunzi waliopita walinisalimia "shikamoo" kwa woga, hawajawahi kumwona mkuu wao amekaa chini.

Ilinichukua asubuhi nzima. Mara mtandao unakatika, mara nimeandika herufi kubwa badala ya ndogo, mara mfumo unaniambia nimekosea na nimebakiza majaribio mawili. Nililaani, nikasali, nikalaani tena. Nywila alikuwa hajaibadilisha. Ilikuwa ile ile ya kalamu nyekundu. Na mlango ukafunguka.

Mpaka siku ile nilikuwa nimeuwaza mfumo kama ofisi yangu: chumba hiki, droo ile, kila droo na kufuli yake. Nilidhani nimempa ufunguo wa droo ya mahudhurio. Kumbe hakuna droo. Ukishaingia, umeingia nyumba nzima. Na kitu cha kwanza kinachokupokea unapoingia, juu kabisa, kabla ya mahudhurio, kabla ya matokeo, ni orodha ya mambo yanayokusubiri wewe.

Jina lake lilikuwa pale. Ombi la mwaka wa kwanza, tarehe yake, na mbele yake maneno manne: Inasubiri mkuu wa shule. Ombi la mwaka wa pili: Inasubiri mkuu wa shule. La mwaka wa tatu lilikuwa na neno jipya, Imeidhinishwa, Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili.

Nilikaa na kile kishikwambi mapajani, nikahisi baridi imeingia kwenye koti kupitia mikono. Kila asubuhi ya shule, kwa miaka mitatu, alifungua ukurasa huu kuniandikia mahudhurio yangu. Kila asubuhi jina lake lilikuwa la kwanza kumpokea. Siku ile niliyomwambia "nilibofya mwenyewe mjini," alikuwa ametoka kuliona ombi lake muda huo huo, halijabofywa. Siku niliyomsimulia jinsi nilivyogombana na afisa kwa ajili yake, alijua. Alinipigia makofi ya heshima akijua. Jumapili akaja, akala wali wangu na maharage, akaniita Mama, akijua.

Nikaendelea kushuka chini, maana sasa sikuweza kuacha. Nikakuta uhamisho mwingine, umeidhinishwa kwa jina langu mwaka jana: mwalimu wa historia, yule aliyekuwa akiingia darasani mara mbili kwa wiki, tena kwa bahati. Huyo nilifurahi alipoomba kuondoka. Nilikumbuka vizuri nilivyomwambia mwalimu wangu wa fizikia, nikiwa nimesimama mlangoni na chai mkononi: "Hebu mbofyee huyo mvivu aende zake, kabla hajabadili mawazo." Naye akabofya. Ombi lake mwenyewe lilikuwa mstari wa juu yake. Kidole kilipita juu ya jina lake kwenda kumfungulia mlango mtu asiyefundisha.

Alhamisi, vipindi vilipoisha, nilikwenda nyumbani kwake. Nilikuwa bado na hasira, ila sikujua tena niielekeze wapi. Nilimkuta anafunga sahani kwa magazeti, bila haraka, kama mtu asiyejua kama atasafiri au atafukuzwa lakini sahani zifungwe tu. Alinivutia kigoda. Sikukaa.

"Ulikuwa unaona," nikasema.

"Nilikuwa naona."

"Miaka mitatu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mama?" Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kuniita hivyo. "Nikuambie wewe ni mwongo? Nilikuwa nasubiri uniambie hapana. Ungeniambia, 'Mwalimu, sikuachii, watoto watafeli,' ningelia, ningekasirika, halafu ningekaa. Mimi pia nawapenda wale watoto. Ila wewe hukuniomba nikae. Uliniambia umeshaniachia."

Nikauliza lililobaki. "Sasa kwa nini Jumanne?"

Aliendelea na sahani. "Kila Jumapili mume wangu alikuwa akinipigia, ananiuliza kabla hata ya salamu: wamejibu? Kila Jumapili, Mama. Mwezi uliopita hakuuliza. Nikajua amechoka kuuliza. Jumapili iliyofuata hakuuliza tena. Ya tatu hakupiga." Akabana fundo la gazeti. "Jumanne nikafungua kuandika mahudhurio, nikaona jina langu pale."

Nilisimama kwenye kizingiti, mbuzi wa jirani wanapita na kengele zao, na nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kibao. Mpaka leo ni hivyo. Watu wakisikia kisa hiki huniambia basi, mama, kosa lilikuwa lako, yaishe. Najua lilikuwa langu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia nyuma ya stoo juu ya tofali. Lakini hawajui ilivyo kuishi na mtu anayekusoma kila siku na kukunyamazia. Mwizi wa saini ningemsamehe. Ila huyu aliniachia nidanganye, mwaka baada ya mwaka, akaniitikia asante, akaniacha nijione mtu mwema. Hakuna aliyewahi kunivua heshima kwa upole namna hiyo. Alinisaliti, na nilistahili, na viwili hivyo havipunguzani.

Ijumaa asubuhi nilipanda gari kwenda mjini na barua yangu. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono, nikaikunja mara tatu. Afisa elimu aliisoma akiwa amesimama.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeidhinisha," akasema.

"Ni mimi."

"Jumatatu ulisema ulikuwa msibani."

"Nilikuwa msibani na kishikwambi."

Alitazama mikono yangu. Anajua ninavyoshika kishikwambi. Wakuu wote wa wilaya hii anawajua. "Mkuu, una uhakika? Fizikia utafundisha wewe?"

Nilimwambia nina uhakika. Akagonga muhuri, akaipiga barua picha na kuiingiza kwenye mfumo. Mwalimu wangu aliondoka Jumatatu kwa basi la alfajiri, hakuja kuniaga, na sikumtarajia. Kama alifika kwa mume wake mapema au alichelewa, sijui. Sina ujasiri wa kumpigia. Kidato cha nne walifanya mtihani wa fizikia na madaftari yake tu, na matokeo yao kila mzazi wa huku anayajua. Nywila nimeibadilisha mwenyewe. Siku hizi mahudhurio naandika mimi, nyuma ya stoo, polepole, kidole kimoja. Lakini barua ile ya Ijumaa ndiyo kitu cha kwanza kilichoingia kwenye mfumo kwa jina langu na kwa mkono wangu mwenyewe, na ilikuwa uongo mtupu, na ndiyo pekee niliyoiandika kwa ajili yake.